Mgonjwa wa Siku ya Mtihani

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Barua imefika. Imeletwa na pikipiki, imelowa mvua, lakini maneno mabaya yote bado yanasomeka. Formation, mafunzo ya siku tano kule Mushaki, juu ya kuhara na kolera. Wauguzi na relais, wale wahudumu wa kujitolea wa vijijini, wote pamoja, benchi moja! Mtihani siku ya kwanza. Mtihani siku ya mwisho. Atakayekosa sitini kwa mia siku ya mwisho, posti yake ya afya itapewa mkuu mwingine.

Mkuu mwingine! Mimi, Benoît Akilimali, miaka ishirini na mbili ndani ya koti jeupe. Nusu ya kijiji chetu cha Kalembe imepita mikononi mwangu, na wengi wao wamepona.

Laetitia, mke wangu, aliuliza kwa nini nazungukazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Si nisome tu? Kusoma! Miaka kumi na tisa ya ndoa na bado hajanijua.

Nimeitafuta kaye yangu, daftari la shule ya uuguzi. Nimeipata ndani ya gunia la maharagi. Panya wamekula sura nzima ya kuhara. Sura ya chawa wameiacha, haina hata alama ya jino.

Basi, nimepanga. Nitakaa karibu na mtu mwenye akili. Wenye akili hawafichiki, wanavaa miwani.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Jana nzima barabarani. Pikipiki ilizama kwenye matope mara nne, mimi mara mbili. Nimefika Mushaki nikiwa na rangi moja na barabara.

Tunakaa kwenye ukumbi wa parokia, kando ya kituo cha afya. Tuko ishirini na wawili. Mwalimu wetu ni Mama Pétronille, superviseur, msimamizi wa posti zetu zote. Mwanamke mfupi, sauti ya kengele, faili ya bluu chini ya kwapa. Hacheki ovyo.

Nimempata mtu wangu haraka! Mama Dorothée, muzalisha kutoka upande wa Walikale. Miwani minene kama vitako vya chupa. Anaandika bila kupumzika. Nikakaa kushoto kwake, nikainamisha shingo kidogo tu, nikanakili kila kitu. Shingo inauma hadi sasa, lakini nilitoka nikiimba.

Saa nane matokeo. Dorothée themanini na tano. Mimi kumi na mbili.

Kumi na mbili! Kumbe karatasi zilikuwa za namna mbili, A na B, na hakuna aliyenionya. Swali langu la tatu liliuliza maji kiasi gani yanachanganywa na pakiti moja ya SRO, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Mimi nilijibu: "Bibi wa mutoto na majirani." Mama Pétronille alilisoma jibu hilo mbele ya wote, bila kutaja jina. Hakukuwa na haja ya jina. Aliniangalia mimi, na ukumbi mzima ukaangalia alikoangalia yeye.

Lakini kinachonichoma si hicho. Kinachonichoma ni Byukusenge. Si muuguzi hata kidogo! Ni relais wa hapahapa milimani, mchunga ng'ombe, anauza maziwa asubuhi halafu anakuja darasani na mabuti. Amepata sabini na nne. Akanifuata uani, kofia mkononi, akauliza kwa heshima kama ningependa tusome pamoja jioni.

Nilimjibu kwamba nilikuwa nachoma sindano kabla yeye hajaota meno. Akasema ndiyo, Papa. Hakukasirika. Watu wa namna hiyo ni hatari.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Mpango mpya. Kwa nini nihangaike na majibu ya wengine wakati maswali yenyewe yamo ndani ya faili ya bluu?

Shida: Mama Pétronille haachani na ile faili. Anakula nayo. Anaenda nayo msalani. Basi njia iliyobaki ni kulainisha moyo wake. Asubuhi nilinunua fromaji, jibini ya hapa milimani, duara zima, ya manjano, nzito, iking'aa kama jua. Nikampelekea kabla ya somo, na maneno mazuri juu ya wanawake wanaojitolea kwa taifa.

Alinishukuru sana. Akaweka fromaji mezani, akaomba kisu, akaikata vipande ishirini na tatu. Eti wote wale! Moyo wangu ukakatwa pamoja nayo. Nilichukua kipande changu kwanza, angalau hicho, nikakitupia mdomoni.

Hapo akapaza sauti: nani amenawa mikono?

Wote wakaenda kwenye ndoo ya maji na sabuni, mstari mmoja, wakinong'ona. Mimi nilibaki nimesimama, shavu limevimba. Akanitumia kama mfano kwa saa nzima. Alichora ubaoni safari ya kijidudu kutoka msalani hadi kwenye fromaji hadi kwa Papa Benoît. Alinichora na masikio makubwa.

Byukusenge alipewa kipande kikubwa kuliko vyote. Akasema, kwa upole, kwamba chumvi imezidi, na kwamba mama yake anatengeneza nzuri zaidi.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Leo kulikuwa na interro ndogo, maswali kumi. Nikaona ni nafasi ya kujaribu silaha mpya kabla ya Ijumaa.

Niliamka mapema, nikaazima kaye ya Dorothée, nikasema nataka kulinganisha. Nikachukua biki na kuandika somo lote kwenye mikono yangu. Mkono wa kushoto: dalili za kukauka mwili. Wa kulia: Plani A, Plani B, Plani C, nani anywe kiasi gani, nani atundikiwe serum, maji ya kuingia mshipani. Herufi ndogo, nzuri, toka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Nikateremsha mikono ya shati. Sijawahi kujiona msomi kiasi kile.

Saa tatu Mama Pétronille akasema kwamba, kufuatana na mambo ya jana, tutaanza kwa kuonyesha namna sahihi ya kunawa. Anahitaji muntu mumoja mbele. Macho yake yalizunguka ukumbi wote kwa adabu, halafu yakatua palepale nilipojua yatatua.

Nikasema nina baridi. Akasema maji ni ya vuguvugu. Nikasema nina kidonda. Akasema sabuni inasaidia. "Kunja shati, Papa Benoît. Hadi kwenye kiwiko."

Nikaligeuzia darasa mgongo nilivyoweza. Maji kwenye beseni yakawa bluu. Plani A ikaenda. Plani B ikaenda. Plani C ilishikilia kidogo karibu na mfupa, akanipa brosi. Dorothée alikuwa amekaa mbele kabisa. Nafikiri aliona, maana alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu, mabega yakimtetemeka.

Interro: moja kwa kumi. Ile moja ilikuwa ya kunawa mikono.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Kesho ni mtihani. Nimelala vibaya, nimekula vibaya. Nilimfikiria mkuu mpya akikalia kiti changu, akifungua kabati langu, akisoma rejista zangu. Zile rejista! Ni afadhali asizisome.

Ila Mungu hamuachi mtu wake. Leo Dorothée aliuliza itakuwaje mtu akiugua siku ya mtihani. Mama Pétronille akajibu kwamba mgonjwa haandiki, mgonjwa anatunzwa. Atahesabiwa kwa siku alizohudhuria. Nami nimehudhuria zote! Hakuna aliyehudhuria kunizidi, ukumbi mzima ni shahidi.

Basi kesho naugua. Lakini nini? Malaria haifai, hapa kuna kipimo cha damu, dakika kumi na tano unaumbuka. Mgongo haufai, watanipa kiti kizuri tu niandike. Nikafikiri, nikafikiri, halafu ikanijia nikiwa katikati ya bugali.

Kuhara! Hakuna kipimo. Wanakuamini kwa neno lako. Nani atataka kwenda kuhakikisha?

Sijamaliza chakula, ili kesho nionekane nimekonda. Byukusenge aliuliza kama niko sawa. Nikashika tumbo. Nilishika vizuri, hata mimi niliumwa kidogo.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Sijui nianze wapi.

Asubuhi nilijiburuta hadi mlangoni pa ukumbi, nimeinama, nikasema kwa sauti ya marehemu kwamba nimeenda msalani mara tisa tangu alfajiri. Nilitegemea huruma. Mama Pétronille alipiga makofi!

Akasema tangu Jumatatu amekuwa akisikitika kwamba wanafunzi wake wanajifunza kwa michoro tu, na sasa wamepata kasi ya kweli, mgonjwa wa kushika kwa mikono. Mtihani wa kuandika utasubiri alasiri. Kwanza mazoezi, na mgonjwa ni huyu hapa.

Wakanibeba. Nilisema naweza kutembea. Wakasema mgonjwa asijichoshe. Kule kituoni kuna kitanda cha kolera. Ni kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Wakanivua suruali, wakanifunika shuka, wakanipanga juu ya lile tundu. Upepo wa Mushaki ni mkali. Unajua pa kuingilia.

Halafu wakapita. Wote ishirini na mmoja, mmoja mmoja. Kila mmoja aliangalia macho yangu na kusema kwa sauti: hayajazama. Kila mmoja alifinya ngozi ya tumbo langu, akaiachia, akasema kwa sauti: inarudi haraka. Kila mmoja alinipa kikombe na kusema: anaweza kunywa. Aliyesahau, Mama Pétronille alimrudisha, akafinya upya. Hadi saa nne tumbo langu lilikuwa jekundu kama nyanya.

Na maswali! Mara ngapi? Rangi gani? Kama maji ya mchele, ao hapana? Kwa wa kwanza nilisema mara tisa. Kwa Dorothée nilisema kumi na nne. Kwa mwingine nilisema sita, nilishachoka. Byukusenge alikuwa na kaye. Aliandika yote. Alipofika zamu yake akanisomea majibu yangu yote kwa mpangilio, halafu akauliza kwa upole ni lipi aandike.

Dalili zilisema Plani A, lakini kwa ajili ya zile mara kumi na nne wakakubaliana: Plani B. Kwa uzito wangu, lita nne za SRO, kwa saa nne, kikombe kwa kikombe, chini ya macho ya mlinzi. Mlinzi: Byukusenge.

Lita nne! Ni kama kunywa machozi ya jirani. Nikamwambia najisikia nafuu. Akasema, "Bagonjwa bote njo vile banasemaka, Papa. Kunywa." Nikamwambia nataka kwenda msalani kweli sasa, haja ndogo. Akaonyesha tundu na kusema kila kinachotoka lazima kipimwe.

Kufika saa sita nilikuwa nimeshakunywa lita mbili na nusu. Nilisikia maji yakicheza masikioni. Wengine walienda kula ukumbini. Byukusenge alichukua ndoo kwenda kuleta maji safi, akaniamuru nisiguse kitu. Nikafumba macho. Nilikuwa napanga namna ya kuimwaga lita moja na nusu iliyobaki.

Nikasikia mtu mlangoni.

Mwanamke, matope hadi magotini, mtoto mgongoni. Alisema jina lake ni Daphrose, ametembea tangu asubuhi kutoka vilima vya nyuma. Mutoto anahara na kutapika tangu jana. Aliuliza, "Munganga iko wapi?"

Nilitaka kumwambia asubiri, wanakula, watarudi. Nilishafungua mdomo. Lakini alikuwa amemteremsha mtoto na kumlaza kwenye ukingo wa kitanda changu, kwa sababu hapakuwa na kitanda kingine karibu, na kichwa cha yule mtoto kikaanguka pembeni kama si chake.

Macho yalikuwa yamezama. Yamezama kabisa.

Sikufikiri. Mkono wenyewe ulienda. Nilifinya ngozi ya tumbo lake, nikaiachia. Ilibaki imesimama. Moja. Mbili. Tatu. Asubuhi yote nimesikia "inarudi haraka, inarudi haraka", na hii hairudi. Nilisikia baridi ndani yangu, na si ile ya tundu. Nikachukua kikombe changu, nikamlowesha midomo. Maji yalitoka pembeni. Hakumeza.

Nilimuuliza mama jina la mtoto. Shema, alisema. Mwaka mmoja na miezi sita. Ni wa kwanza, na mimi sina mwingine, alisema.

Nikamchukua na kukimbia. Shuka moja, miguu mitupu, katikati ya uwanja wa kituo, mbele ya akina mama wa kliniki na padri mmoja. Niliingia ukumbini nikipiga kelele: "Plani C! Hamezi! Ngozi hairudi! Plani C!"

Hakuna aliyecheka. Viti vilianguka, tukarudi mbio kituoni. Dorothée alitafuta mshipa kwenye mkono, akakosa. Kwenye mguu, akakosa. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akaniambia: shika huu mguu vizuri, kaka, usitetemeke. Nikaushika. Ulikuwa mdogo kama kuni ya kuwashia moto, na baridi. Mara ya tatu sindano iliingia. Mama Pétronille alifungua serum na kusimama akihesabu matone kwa midomo. Byukusenge alirudi na ndoo yake, akaona, akaiweka chini taratibu na kwenda kumkalisha Daphrose aliyekuwa amesimama ukutani.

Tulikaa hivyo.

Kama saa nane na nusu Shema alifungua macho, akatuangalia wote, hakutupenda, akalia. Alilia kwa machozi! Machozi ya kweli, yakiteremka shavuni. Dorothée akasema, "Mnaona? Maji yamerudi." Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Macho yangu yaliwasha. Ni klori. Kituo hiki kinatumia klori nyingi sana.

Mama Pétronille akaja kukaa karibu yangu. Halafu akauliza, polepole, ni namna gani mtu aliyeenda msalani mara tisa, ao kumi na nne, ao sita, amekimbia uwanja mzima na mtoto mkononi bila kusimama hata mara moja. Kuhara kumeishia wapi?

Nilimjibu kwamba hofu ilifunga tumbo.

Alicheka hadi faili ya bluu ikaanguka chini. Ilifunguka. Karatasi zote za mtihani zililala hapo, mbele ya miguu yangu, uso juu. Na mimi, sijui ni nini kilinipata, niliziokota na kumrudishia bila kusoma. Ni uchovu.

Halafu Byukusenge akaja. Aliniletea kikombe cha maziwa. Niliuliza kama hayo pia ni ya kupimwa. Hapana, alisema. Hayo ni ya kunywa tu.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Wengine wameandika mtihani wao leo asubuhi. Mimi Mama Pétronille aliniita peke yangu, akaniambia nieleze mtoto niliyemwona jana: nimeona nini, nimefanya nini, na kwa nini. Nikaeleza. Nilikuwa na yote. Macho, ngozi, kikombe, mshipa. Aliandika, akahesabu. Sitini na nne kwa mia.

Sitini na nne! Posti ni yangu! Byukusenge tisini na saba, lakini yule hana hata posti, atazifanyia nini?

Kabla ya kupanda pikipiki nilipita kituoni. Shema alikuwa amekaa, ameshika pakiti tupu ya SRO na kuitafuna. Daphrose alisimama, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nilimwambia tu amnawishe mikono mutoto kabla ya kula. Mtoto na mama wote wawili wakanawa mbele yangu.

Dorothée aliniaga kwa upole. Alisema, kaka, umeona sasa, haya masomo yanaokoa watu. Ukifika nyumbani soma. Nilimtazama kwa huruma. Yeye ni mwanamke mzuri, lakini hajaelewa. Mimi sikusoma hata ukurasa mmoja, na bado nilijua la kufanya! Kuna watu wanaopaswa kusoma, na kuna watu wenye kipaji. Kilitoka wapi, sijui. Kilikuja tu, chenyewe, Ijumaa, kati ya asubuhi na saa sita.

Alhamisi, tarehe 19 Machi

Barua nyingine! Formation ya siku tano kule Hombo, mwezi ujao. Kuumwa na nyoka. Kuna mtihani mwisho.

Laetitia ameweka kitabu cha masomo mezani, karibu na sahani yangu. Nimekisogeza ili kupata nafasi ya bakuli la sombe.

Nimekaa na kutafakari kwa makini makosa ya Mushaki, maana mtu lazima ajifunze. Kosa lilikuwa moja tu: nilichagua ugonjwa wa kunywa. Na nilichelewa, nilingoja hadi siku ya mwisho. Hombo nitaumwa na nyoka siku ya kwanza kabisa, kwenye mguu, karibu na ukumbi. Aliyeumwa na nyoka halazimishwi kunywa lita nne. Analazwa. Mguu unafungwa ubao, haruhusiwi kusogea, anapepewa. Siku tano za kulala, na cheti!

Barua inasema washiriki wanatoka pande zote mbili za mpaka wa majimbo, watakuwa arobaini, na kwamba safari hii hakutakuwa na michoro ubaoni. Wataleta serum, sindano na mbao za kufungia, kila mshiriki afanye mwenyewe kwa vitendo, kama mgonjwa atapatikana.

Vizuri sana. Watakuwa na kazi nyingi. Hakuna atakayepata nafasi ya kunisumbua mimi.